Kazi ya kwanza na kipato cha baadaye

Wapo wanaosema ukianza na mshahara mdogo utabaki hapohapo. Hapana ndugu, si lazima. Ethiopia watafiti waliwafuatilia vijana walioomba kazi viwandani: baadhi walipewa kazi, wengine mtaji wa kama dola 300 na mafunzo ya biashara. Mwaka wa kwanza wenye mtaji walikuwa juu kwa kipato. Baada ya miaka 5 tofauti ilishayeyuka. Na wengi wa kiwandani waliacha mapema tu.

Kinachodumu zaidi ni ujuzi wenye cheti. Uganda (utafiti ulichapishwa 2020, vijana 1,700, miaka 4) waliosomea ufundi chuoni waliwapita kwa kipato waliofundishwa na mwajiri, maana kazi ikiisha, cheti kinaeleweka kwa bosi mwingine. Angalia hapa Dodoma: fundi wa gereji Kizota anashusha injini ya gari aina ya Noah peke yake, ila hana cheti, akihamia Dar anaanza tena kama saidia fundi. Huyo aende VETA (mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi), wanapima ujuzi wa mtaani na kutoa cheti.

Ila wale wa Uganda walikuwa vijana wa familia duni. Mhitimu wa UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) anayesubiri ajira ya serikali hayumo kwenye hesabu hiyo.