Wasomaji Wanauliza: Medali mbili za vita dhidi ya ugaidi

SWALI: Mhariri, salaam. Nilikuwa Jeshi la Nchi Kavu la Marekani, na mwaka 2012 nilikaa miezi saba Camp Lemonnier, Djibouti. DD 214 yangu, ile hati ya kumaliza utumishi, inataja GWOTSM tu, medali ya utumishi katika vita dhidi ya ugaidi. Niliokuwa nao kule wana na GWOTEM, ile ya waliopelekwa kwenye operesheni za vita hivyo. Nimepunjwa? Halafu mdogo wangu aliyejiunga 2023 hana hata moja. (Msomaji, Texas)

JIBU: Ndugu msomaji, inaelekea unastahili zote mbili. Zilianzishwa kwa amri moja ya Rais George W. Bush, tarehe 12 Machi 2003. GWOTEM ni ya aliyepelekwa kwenye operesheni, ndani ya eneo lililotajwa: siku 30 mfululizo, au 60 za vipande vipande. Djibouti imo, Kenya na Somalia pia. Aliyepambana na adui, au aliyejeruhiwa kazini akaondolewa, hahesabiwi siku. GWOTSM ni ya kuunga mkono vita hivyo, hata ukiwa ofisini Texas. Kuvaa zote ruksa, ila kipindi kimoja hakihesabiwi mara mbili.

Kinachowaangusha wengi ni ushahidi. Picha ya kambini haitoshi. Tafuta amri ya kupelekwa, hati ya malipo ya safari yenye tarehe za kuingia na kutoka, au karatasi za mshahara zenye posho ya hatari. Jaza Fomu 180, ya kuomba kumbukumbu za utumishi, tia saini, ambatisha nakala. Hati halisi baki nazo. Fomu hiyo ina jedwali la anwani kwa kila kikosi na mwaka wa kutoka. Lisome kabla ya kutuma. Wakikubali, DD 214 haiandikwi upya: utapewa DD 215 ya masahihisho, uzitunze pamoja. Wakikataa, ipo Fomu 149 ya kwenda bodi ya masahihisho ya kumbukumbu za jeshi, ndani ya miaka mitatu tangu ulipogundua kosa, ingawa bodi inaweza kusamehe ucheleweshaji.

Ukinunua dukani, angalia tai: wa GWOTEM kashika nyoka kuchani, wa GWOTSM yuko mbele ya tufe la dunia. Wauzaji huchanganya.

Kuhusu mdogo wako: zamani karibu kila askari wa kudumu aliipata GWOTSM kwa siku 30 tu, hata ikakosa uzito. Tangu 11 Septemba 2022 lazima siku hizo 30 awe ametumikia moja kwa moja operesheni iliyoidhinishwa dhidi ya ugaidi. Mafunzo ya kuruti hayamo.