Usiache kwaya, dada. Ila Jumamosi ondoka uende

Bwana asifiwe dada mtoa mada, na salamu kwa wote mlioko humu, wa kanisani na wa msikitini.

Nimeusoma uzi wako mara tatu tangu jana usiku. Uko Tabora, umeimba kwaya miaka sita, na mwenzako wa benchi moja amekula hela yako ya biashara. Akiinua mikono wakati wa kuabudu, wewe unasikia kichefuchefu. Swali lako ni je, uache kwaya kwanza mpaka moyo ukae sawa, au uendelee kuimba kinafiki? Wengi wamekujibu "samehe tu mpendwa, mwachie Mungu." Sina ugomvi nao. Ila hilo "tu" mimi linanikwama kooni, kwa sababu bei ya kusamehe naijua kwa shilingi.

Mimi nauza dagaa. Naishi Ujiji, Kigoma, kando ya Ziwa Tanganyika, kazi yangu iko mwalo wa Kibirizi, pale mitumbwi inapotia nanga. Kwa wasioijua kazi hii: wavuvi wanaingia ziwani usiku wa giza, wanawasha taa, dagaa wanafuata mwanga, alfajiri mitumbwi inarudi na sisi kina mama tunagombania mabeseni. Mbalamwezi ikiwaka, taa haina maana, wavuvi wanapumzika na sisi tunapumzika kwa lazima. Ukishanunua unaanika. Jua likiwa kali, siku moja tu dagaa wamekauka wanang'aa kama fedha. Mvua ikikuwahi umekwisha, unabaki na mzigo wa kuwauzia wafuga kuku kwa bei ya kutupa.

Mwaka 2022 nilikuwa na mtaji wa shilingi 1,200,000. Laki saba zilikuwa zangu, laki tano nilikopa kwenye kikoba chetu, kikundi cha kina mama cha kuweka na kukopa. Kibirizi bei ilikuwa juu, nikampa hela mwenzangu ashuke mialo ya kusini, huko Uvinza, ambako alikuwa na ndugu. Simtaji jina. Tulikuwa tunaimba naye sauti ya pili, tumeshonesha sare siku moja kwa fundi mmoja, mtoto wake ananiita mama mkubwa. Nilimwamini kuliko ninavyoiamini simu yangu.

Akarudi baada ya wiki tatu na 300,000. Mvua, akasema. Boti ilichelewa, dagaa wameoza. Halafu akaanza kunikwepa, nikipita njia hii yeye anapita ile. Laki tisa, dada! Kikoba hakijui mvua, marejesho ni marejesho. Nikaenda kukopa kwa wale wa kausha damu, wakopeshaji wa riba kubwa, ili nilipe kikoba, na wanaowajua hao hawahitaji maelezo zaidi.

Sasa sikia nilichofanya mimi mwimbaji wa Bwana. Sikuacha kwaya. Nilihama sauti. Nikamwambia mwalimu nataka sauti ya kwanza, na mimi sauti yangu ni ya kuitia mitumbwi, sio ya kupanda huko juu. Nikawa napiga makelele kila Jumapili karibu miaka miwili, ili nisisimame karibu na mtu. Kanisa zima lilijua sababu, maana nililisimulia. Mwalo wote ulijua. Na kwenye kikoba nilisimama kabisa nikasema huyu ni mwizi, msije mkamkopesha.

Nikawa nasali vizuri tu. Hiki ndicho ninachotaka ukione. Nilifunga, nilitoa zaka, machozi yalinitoka wakati wa kuabudu, na ukiniuliza ningekwambia Roho alikuwepo. Huwa nasikia watu wanasema mwenye kinyongo hawezi kuabudu. Anaweza sana. Anaweza hata kuongoza wimbo. Ndiyo maana jambo hili ni la hatari, halikupigii kengele.

Halafu mwaka 2024 serikali ikafunga ziwa miezi mitatu, 15 Mei mpaka 15 Agosti, samaki wazaliane. Siipingi hatua hiyo, sote tulikuwa tunaona mabeseni yalivyokuwa yanapungua mwaka hadi mwaka. Ila tumbo halisomi tangazo. Kufikia Juni nilikuwa nimeuza kitanda cha mtoto.

Nina jirani, bibi mmoja Muislamu, mtu mzima kiasi kwamba akipita hata wahuni wa kijiweni wanasema shikamoo. Jioni moja akaniita toka uani kwake, "Mwanangu, leo umepika nini?" Nikamwambia nimepika ugali na maharage. Akakaa kimya. Kumbe alikuwa ameangalia tangu mchana, jiko langu halijatoa moshi. Baada ya magharibi akamtuma mjukuu wake na unga wa muhogo, chupa ya mawese na migebuka miwili mikavu. Na wiki iliyofuata tena. Na tena. Nilipokwenda kumshukuru na kumwahidi kwamba ziwa likifunguliwa nitamrudishia, alikasirika kweli. Akasema, "Mimi nimekukopesha?"

Nilitoka pale nimeinamisha kichwa. Mimi ndiye ninayeimba kuhusu neema kila Jumapili na maikrofoni mkononi, na daftari la madeni lipo chini ya godoro.

Jumapili moja mwezi wa saba, mzee wetu mmoja wa kanisa akafundisha barua ya Filemoni. Ni ukurasa mmoja tu, usome leo. Onesmo ni mtumwa aliyeachana na bwana wake, akakutana na Paulo gerezani, akaokoka, na sasa Paulo anamrudisha kwa Filemoni akiwa na barua mkononi. Sisi wa Ujiji hatuwezi kusoma habari za mtumwa kama watu wa kwingine. Watalii huja kuona mahali Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871, wanapiga picha wanaondoka. Lakini miembe ya hapa na ile njia ya misafara mpaka Bagamoyo ina habari za watu waliofungwa minyororo, na wengine ni babu zetu. Mzee akamtaja pia Adrian Atiman, daktari wa Karema, huku huku kando ya ziwa letu upande wa kusini. Alitekwa akiwa mtoto Afrika Magharibi akauzwa. Mapadre Weupe, wale wamisionari wa Kikatoliki, wakamkomboa kwa fedha, akasomeshwa udaktari Malta, akafika Karema mwaka 1889, na akatibu watu pale mpaka alipofariki mwaka 1956. Kanisa letu ni la kipentekoste na Atiman alikuwa Mkatoliki, kuna watu waligeuka kutazamana. Mzee hakujali. Akasema neno kukomboa tumelizoea mpaka tumesahau kwamba ni neno la sokoni. Kuna mtu alitoa hela, ikahesabiwa, ndipo mtoto akafunguliwa.

Kisha akarudi kwa Paulo. Paulo hamwambii Filemoni asahau. Hasemi deni halipo. Anasema kama kuna anachodaiwa Onesmo, kiandike juu yangu, nitalipa mimi, na anaandika kwa mkono wake mwenyewe. Yaani deni halikufutika hewani. Limehama, limekwenda kwa mtu mwingine.

Dada, hapo ndipo nilipoelewa kwa nini ilikuwa inaniuma vile. Nilikuwa nadhani nina pepo la uchungu, nimeombewa mara mbili. Kumbe ilikuwa hesabu tu. Nikimsamehe laki tisa, laki tisa hizo hazipotei, nimezilipa mimi. Na nilikuwa nimezilipa kweli, kwa kausha damu, na riba. Anayekwambia kusamehe ni kitu chepesi basi hajawahi kudaiwa kulipa cha mwenzake. Msalaba wenyewe haukuwa mwepesi, sijui kwa nini tunategemea wetu uwe.

Jumapili iliyofuata ilikuwa ya meza ya Bwana. Jumamosi nikajikaza, nikaenda kwake Katonga.

Watu wakishuhudia haya mambo madhabahuni husema "tukakumbatiana tukalia." Kwangu haikuwa hivyo. Nimebisha hodi, katoka yule mtoto. "Shikamoo mama mkubwa. Mama amesema hayupo." Nikacheka peke yangu. Nikakaa kwenye jiwe la nje, mtoto akaniletea maji. Nikamwambia mwambie mama sijafuata hela. Nilikaa pale mpaka jua likaanza kushuka ziwani upande wa Kongo ndipo mlango ukafunguliwa.

Nilikuwa nimejiandaa hotuba. Nikasema, "Nimekuja kukwambia nimekusamehe." Akaniangalia. Akasema, "Sijakuomba msamaha."

Nikanyamaza, ningesema nini? Akaendelea, taratibu, kama mtu aliyekuwa na maneno hayo mdomoni siku nyingi. Dagaa walioza kweli. Kiasi kilichobaki aliingia nacho hospitali, huyu mtoto aliyeniletea maji alikuwa anapasuliwa, na aliona aibu kuniambia kwa sababu hela haikuwa yake. Kosa hilo ni langu, akasema. Lakini mwaka uliopita mama yake mzazi alipofariki, alikwenda kikoba kuomba mkopo wa msiba. Wakamnyima. Wakamwambia mwenzako wa kwaya amesema wewe ni mwizi. Akamzika mama yake kwa michango ya mwalo.

Mimi nilikwenda pale kama mdai. Sikujua kwamba nami nadaiwa.

Niliondoka bila kushikana naye mkono. Jumapili ile sikushiriki meza ya Bwana, nilikaa nyuma kama mgeni. Jumatano kikoba kilikutana, nikasimama mbele ya kina mama ishirini na wawili nikasema lile neno nililolisema sikuwa na haki ya kulisema, mwanamke yule si mwizi, mvua ilimpiga na mtoto aliugua, na mimi nilijua nusu ya habari nikatangaza nzima. Mweka hazina aliniuliza, "Kwa hiyo hela umelipwa?" Nikasema hapana. Wakatazamana. Nakwambia laki tisa zile zilikuwa rahisi kuliko dakika tano zile.

Sasa nirudi kwenye swali lako. Usiache kwaya. Mathayo sura ya tano, pale Yesu anaposema kuhusu kutoa sadaka ukakumbuka ndugu yako ana neno juu yako, isome polepole. Mimi nilikuwa naisoma haraka na kupitwa na mambo mawili. Kwanza hasemi uirudishe sadaka nyumbani. Inabaki pale pale mbele ya madhabahu inakusubiri, unakwenda, unapatana, unarudi kuitoa. Kwa hiyo nafasi yako kwenye benchi ni sadaka, iache pale, wewe nenda. Pili, anasema ndugu yako ana neno juu yako. Wewe umetuandikia aya sita kuhusu neno ulilonalo juu yake. Silaumu, mimi ningeandika kumi.

Tahadhari mbili za haraka. Kusamehe sio kumpa mtaji tena. Sijampa, na hajaniomba. Na kama kuna mtu anasoma hapa anapigwa nyumbani kwake na anaambiwa "samehe mpendwa, rudi," hayo siyo ninayoyasema. Mtu anaweza kusamehe akiwa amekaa kwa wazazi wake na RB, ile namba ya kesi iliyoripotiwa polisi, mkononi.

Mdau mmoja huko juu ameuliza kama mkosaji anapaswa kulipa hata baada ya kusamehewa. Hilo lilinisumbua pia, kwa sababu ziwa lilipofunguliwa yule dada alianza kuniletea hela. Elfu kumi, elfu ishirini, wakati mwingine beseni la dagaa, analiweka mlangoni na kuondoka. Nilimwambia deni nimelifuta. Akaendelea kuleta. Nikamwendea yule mzee, nikidhani atasema nikatae ili msamaha uwe msamaha. Akasema pokea. Wewe ulipopelekewa unga na jirani yako, je, hukutaka kumrudishia? Acha naye asimame wima. Kwa hiyo napokea, siandiki popote. Daftari lile nililichoma kwenye jiko la mkaa, na kusema kweli lilikuwa na namba za wateja wengine ndani, nikajuta baadaye.

Barua ile haisemi Filemoni alijibu nini. Nami sijui wa kwako atakujibu nini. Anaweza akakufungia mlango kabisa.

Kuabudu kwangu kumebadilika? Kidogo. Jumapili za mwanzo sikusikia chochote, nikaona kama zile siku za machozi nilikuwa karibu na Mungu zaidi. Sasa hivi machozi ni machache. Nimerudi sauti ya pili, kwaya nzima imeshukuru. Wiki iliyopita ilikuwa mbalamwezi, hakuna kazi mwaloni, tukafanya mazoezi mpaka usiku. Katikati ya wimbo akanigusa kiwiko, akaninong'oneza, "Hapo umeshuka." Nikapanda.