Kwa mnaoanza kuandika kuhusu Fes: mwaka mmoja hautoshi

Wadogo zangu, rasimu zenu kuhusu Fes, mji wa kale wa Moroko, zinaendelea kuja na sentensi ileile mwanzoni: "Mji wa Fes ulianzishwa na Idris II mwaka 809." Bidii inaonekana na vitabu mmesoma, lakini kosa hili ni la zamani na linaharibu kila kinachofuata.

1. Fes ilikuwa miji miwili. Lishikeni hili kabla ya kugusa misikiti, vigae au ngozi. Idris I, mwanzilishi wa ukoo wa kifalme wa Idrisi, aliweka makazi ukingo wa mashariki wa mto mwaka 172 Hijria, yaani 789. Mwanawe, Idris II, akajenga mji wake ng'ambo ya pili mwaka 809, ukaitwa al-Aliya. Kwa hiyo jina Fas, yaani Fes kwa Kiarabu, lilianza kama jina la upande mmoja tu, wa mashariki, na kila upande ulikuwa na ukuta wake. Baada ya uasi wa Cordoba, Uhispania ya leo (Andalusia), mwaka 818, waliofukuzwa huko walipewa mashariki. Familia kutoka Kairouan, Tunisia ya leo, zikakaa magharibi. Ndiyo maana hadi leo kuna upande wa Waandalusi na upande wa Qarawiyyin, yaani watu wa Kairouan. Miji hiyo ilishindana kwa vizazi, mpaka Yusuf ibn Tashfin, mtawala wa dola ya Murabitun, alipoiteka karibu na mwaka 1070 akabomoa kuta za katikati.

Kosa linatoka wapi? Kwa mwanahistoria Ibn Abi Zar, aliyeandika karibu na mwaka 1326, miaka zaidi ya mia tano baada ya tukio, akampa Idris II sifa yote. Sarafu zinampinga. Kuna dirhamu yenye jina Fas iliyopigwa chapa mwaka 189 Hijria, takriban 805, wakati mji anaousimulia yeye ulikuwa bado haujaanza. Mwanahistoria Mfaransa Évariste Lévi-Provençal aliijenga hoja hii mwaka 1938, na rasimu nyingi bado zinaandikwa kana kwamba hakuwahi kusema neno. Habari ya sururu ya dhahabu na fedha iliyochimbia msingi (fa's kwa Kiarabu ni sururu) isimulieni, ni tamu, ila mseme wazi kwamba ni ngano.

2. Geuzeni Hijria wenyewe. Zidisha mwaka kwa 0.97, kisha ongeza 622. Mwaka 245 unakupa 237.65, ukijumlisha unafika 859. Hesabu hii ni ya kukadiria, na mwaka mmoja wa Hijria kwa kawaida hugusa miaka miwili ya Miladi, hivyo ukiwa na mwezi, utaje. Mwaka 245 ndio ambao mapokeo yanasema Fatima al-Fihri alianza kujenga msikiti wa Qarawiyyin, katika Ramadhani. Chanzo ni Ibn Abi Zar yuleyule! Katika ukarabati wa karne ya 20 ulionekana ubao wenye maandishi ya msingi unaomtaja Dawud ibn Idris, wa ukoo wa Idrisi, mwaka 263, yaani 877. Wekeni yote mawili, msimfute mama wa watu wala msiufiche ubao. Na mkiandika "chuo kikuu kikongwe zaidi duniani," mwelezeni msomaji hatua zake: ulianza kama msikiti, darsa zikakua humo, masultani wa Marini, ukoo uliotawala Moroko baadaye, wakajenga madrasa jirani ambako wanafunzi walilala, na mwaka 1963 ukaingizwa rasmi katika mfumo wa vyuo vikuu vya Moroko.

3. "Mji mpya" upi? Fes Jdid ni wa mwaka 1276, kazi ya Sultani Abu Yusuf Yaqub. Mji mpya wa Wafaransa ulikuja baada ya mkataba wa Machi 30, 1912, ulioiweka Moroko chini ya himaya ya Ufaransa. Mkichanganya hii miwili mmekosea kwa zaidi ya karne sita. Lango la Bab Bou Jeloud, mnalopenda kuliita la kale, ni la mwaka 1913: buluu kwa nje, kijani kwa ndani.

4. Chouara, kiwanda cha kale cha kutengeneza ngozi. Si kila shimo pale lina rangi. Yale meupe yana chokaa, inayolegeza manyoya yang'oke, na kinyesi cha njiwa, ambacho amonia yake hulainisha ngozi. Rangi huja baadaye. Ngozi isiyolainishwa vizuri hubaki ngumu na rangi haiingii sawasawa.

5. Mnaomnukuu msafiri Ibn Battuta kuhusu Kilwa: alifika pwani yetu mwaka 1331, lakini maneno mnayonakili yaliandikwa Fes na Ibn Juzayy, mtu wa Granada, msafiri mwenyewe akisimulia kwa kumbukumbu, kwa amri ya Sultani Abu Inan, yuleyule aliyejenga madrasa ya Bou Inania. Kazi ilikamilika Desemba 1355. Tajeni miaka yote miwili na mwandishi wake. Sifa za Kilwa zilipita miaka ishirini na zaidi, na mkono wa mtu ambaye hakuiona, kabla ya kutufikia.