Sabuni nzito, yenye mnato au iliyokolea?

Swali: Mwalimu, salamu kutoka Mukono. Nimeandika kwa Kiswahili maelekezo ya kutengeneza sabuni ya maji kwa ajili ya kikundi chetu cha akina mama. Mahali pamoja, kuhusu CMC, ule unga wa kufanya sabuni iwe nzito, nimesema: "Koroga CMC kwenye maji mpaka mmumunyo uwe mzito." Mwenzangu anayefundisha fizikia amenikatalia, anasema uzito ni wa mizani, niandike "uwe na mnato". Mwingine anataka niandike "ukolee". Nani yuko sahihi?

Jibu: Dada, sentensi yako iache ilivyo. Uji huwa mzito au mwepesi, na hakuna anayeuliza una kilo ngapi. Mchuzi ni hivyohivyo, na fundi wa magari akikuambia gari linataka oili nzito unamwelewa. Akina mama wako wataelewa pia.

Mwalimu wa fizikia ana hoja, lakini ni hoja ya darasani. Mafuta ya kupikia huelea juu ya maji, maana yake kwa ujazo uleule ni mepesi kuliko maji. Hata hivyo yakimiminwa hutoka polepole, kwa kuwa mnato wake huzidi ule wa maji mara makumi kadhaa. Ukiwaandikia wanafunzi kwamba "mafuta ni mazito kuliko maji", umesema kweli kwa mwendo na uongo kwa mizani. Ndiyo maana wanasayansi wanahitaji "mnato": ni kiasi ambacho kimiminika hukataa kutiririka. Lisikutishe kwamba linatokana na "kunata". Oili ya injini ina mnato mkubwa na haibandiki karatasi. Na ukilitumia, sema mnato mkubwa au mdogo. "Mnato mzito" nimeliona mara nyingi, na kila mara linanikera.

Huyo wa "ukolee" ndiye simuungi mkono. Kukolea ni habari ya wingi wa kitu kilichoyeyushwa: chai imekolea sukari, mchuzi umekolea chumvi. Mmumunyo wenye CMC nyingi ndani yake umekolea, lakini kukoroga peke yake hakuukolezi, kwa sababu hakuongezi unga wala hakupunguzi maji. Tena kukolea na mnato haviendi sambamba, na hapa sabuni yako inafundisha kuliko kamusi.

Chukua gundi ya migunga inayokusanywa Karamoja. Yeyusha gramu 100 ndani ya lita moja ya maji, na bado itamiminika bila taabu. Chukua CMC ya daraja zito, gramu 10 tu kwa lita, na mnato unaweza kupita wa maji mara elfu moja. Uliokolea zaidi ndio wenye mnato mdogo! Sababu ni umbo. Zote mbili ni polima, yaani molekuli kubwa zilizoundwa kwa vipande vingi vilivyoungana, lakini za gundi ya mgunga zina matawi mengi na zimejikunyata, hali za CMC ni minyororo mirefu iliyonyooka. Minyororo hiyo ikiwa michache, kila mmoja una nafasi yake. Ikizidi hupishana, kisha hujisokota, na hapo mnato hupanda kwa kasi: ukizidisha polima mara mbili tu, mnato unaweza kuongezeka zaidi ya mara kumi. Urefu nao una nguvu kama hiyo. Minyororo iliyokwisha kusokotana ikirefushwa mara mbili, mnato hupanda takriban mara kumi. Mfaransa Pierre-Gilles de Gennes, aliyepata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1991, alieleza kwamba mnyororo uliobanwa na wenzake hauna njia ila kujipenyeza kwa urefu wake, kama nyoka. Ukiwa mrefu zaidi, huchukua muda zaidi kutoka.

Joto hulegeza karibu mimumunyo yote. Chumvi ina vituko. Kwenye Ungerol, kile kiungo cha sabuni ya maji kinachotoa povu, huongeza mnato, mpaka ukizidisha sabuni inageuka maji tena. Kwenye CMC huupunguza. Minyororo ya CMC ina chaji hasi zinazosukumana na kuinyoosha; chumvi hufifisha msukumano huo, nayo hujikunja. Katika maelekezo yako, basi, usiandike "chumvi hufanya mmumunyo uwe mzito" bila kutaja mmumunyo upi.

Liko jambo moja ambapo ningemsikiliza mwalimu wa fizikia hata jikoni. Mimumunyo ya polima iliyokolea hulegea inapokorogwa kwa nguvu, kwa sababu minyororo hulazwa kuelekea upande wa mwendo, na ukiiacha hukaza tena. Rangi ya ukutani hufanya vivyo hivyo: chini ya brashi ni laini, ukutani haichuruziki. Mtu akiandika "uzito wa sabuni hupungua ukikoroga", msomaji makini atashtuka, maana ndoo ina kilo zilezile. Hapo andika "hulegea" au "mnato wake hupungua". Mimi ningechagua "hulegea". Ni neno la kila siku na halina utata.

Kwa hiyo sehemu hiyo ya maelekezo ningeiandika hivi: "Nyunyizia CMC kidogo kidogo huku ukikoroga. Usiimwage kwa mkupuo. Itafanya mabonge yenye utelezi nje na unga mkavu ndani. Endelea mpaka mmumunyo uwe mzito. Acha kukoroga, subiri utulie, ndipo uangalie uzito wake kwa kuinua mwiko, kwa sababu ukiwa bado unazunguka huonekana mwepesi kuliko ulivyo."