Barua kwa mwanangu: Smetana au Dvořák?

Mwanangu,

Meseji yako nimeisoma, na mama yako nikamsomea. Unauliza kati ya Smetana na Dvořák, hao watunzi wawili wa muziki wa Kicheki, nani mkubwa, maana hapo Prague hela yako ya tiketi inatosha konsati moja tu, ama Má vlast ya Smetana mwezi wa tano ama usubiri Simfoni ya 9 ya Dvořák pale ukumbi wa Rudolfinum. Kwanza nikwambie namna ya kusikiliza. Muziki ule unausikiliza umekaa chini, simu umezima, hufanyi kitu kingine. Nimewaambia hivyo toka mko wadogo, mkawa mnanikimbia sebuleni nikiweka ile kaseti.

Mi mara ya kwanza kuingia Rudolfinum ni enzi za skolashipu. Nilipoulizia tiketi, kijana mmoja tuliyekuwa tunasoma naye akasema mbele ya wenzake eti nitasinzia bure, sisi Waafrika tunajua ngoma basi. Wakacheka wote. Sikujibu, Kicheki changu kilikuwa bado kizito, nikaenda hivyohivyo, nikakaa juu kabisa, ikafika sehemu ya pili ya ile Simfoni, tarumbeta na wenzake wakatangulia taratibu halafu ile zumari yao ya sauti nene ikaanza kuimba peke yake, fidla ziko chini kwa chini, machozi yakanitoka na wala sikuyafuta.

Baadaye sana ndo nikaja kujua kwamba mwaka 1893 Dvořák, akiwa mkuu wa konsavatori, yaani chuo cha muziki, huko New York, aliliambia gazeti kuwa muziki wa Marekani ujengwe juu ya nyimbo za watu weusi. Mtoto wa mchinjaji wa Nelahozeves huyo! Na nyimbo zenyewe alikuwa anaimbiwa na Harry Burleigh, kijana mweusi wa chuoni hapo, aliyefundishwa na babu yake aliyewahi kuwa mtumwa. Laiti ningekuwa nalijua siku ile nikamjibu yule kijana. Mpaka leo huwa namjibu nikiwa naendesha gari.

Kwa hiyo ungetegemea niseme Dvořák. Lakini Smetana je? Oktoba 1874 masikio yote mawili yamekufa, ana miaka 50, na kabla mwaka haujaisha keshaandika Vltava, kile kipande cha Má vlast kinachoufuata mto wa hapo Prague, filimbi mbili zinaanza kama kijito cha kwanza, klarineti zinafuata kama cha pili, mto unakua, unapita kwenye harusi watu wanacheza polka, unafika kwenye maporomoko, na yeye hakuja kusikia hata noti moja ikipigwa. Unampimaje mtu kama huyo? Ila na Dvořák naye alizika watoto watatu, ndipo akaimaliza Stabat Mater, utunzi wake wa mama anayemlilia mwanawe, 1877... hapana, mwanangu, jina liko hapa mdomoni na silitoi, maana nikilitoa utamwambia shangazi yako na hatutalala.

We kata tiketi ya tarehe 12 Mei, siku aliyofariki Smetana, ndo tamasha la Prague Spring hufunguliwa kwa Má vlast. Wahi, zinagombaniwa. Simfoni ya 9 hawakai muda mrefu bila kuipiga, hiyo utaipata tu. Na ukae chini usikilize, usirekodi na simu. Ila usije ukasema baba kamchagua Smetana, sijamchagua.

Mama yako anauliza kama koti ulilonunua ni zito la kutosha.

Baba yako