Mkanda wa polisi

Mhariri, swali lenu la wiki hii ni hili: sheria kali za tabia mahali pa umma humfunza mtu adabu, au humzoeza kutii bila kufikiri? Mimi nilikuwa makanga, yaani kondakta wa matatu, gari dogo la abiria, kwa miaka 9, njia ya Mombasa hadi Malindi, kabla sijafungua duka la vipuri Mtwapa. Nilianza kazi mwaka 2002, kwa hiyo sheria kali za matatu za Waziri Michuki zilinikuta mlangoni mwa gari. Nitajibu kwa niliyoyaona pale.

Kwa wasomaji walioko nje ya Kenya, au waliokuwa watoto wakati ule: matatu ya Nissan yenye viti 14 tulikuwa tukiipakia watu 18, na siku ya sikukuu tuliacha kuhesabu. Abiria wa ziada alikalia kibao kilicholazwa kati ya kiti na kiti. Mimi nilining'inia nje, mkono mmoja umeshika bati, mwingine umeshika noti. Tulitukana wazee. Mwanafunzi wa nauli nusu tulimwacha steji mvua inamnyeshea. Nasema haya nikijua wanaonisoma baadhi yao niliwapakia mimi, na ninawaomba radhi.

Oktoba 2003 marehemu John Michuki, wakati huo waziri wa uchukuzi, alitangaza kanuni mpya, na tarehe 1 Februari 2004 zikaanza kutekelezwa. Kidhibiti mwendo, gari lisipite kilomita 80 kwa saa. Mkanda kwa kila kiti. Mstari wa njano ubavuni. Dereva sare ya bluu, makanga sare ya maruni, na sote tuwe na cheti cha tabia njema kutoka kwa polisi. Magari mengi hayakuwa tayari, na Jumatatu ile watu walikwenda kazini kwa miguu. Nauli ikapanda. Watu walinung'unika, lakini baada ya wiki chache hakuna aliyekaa juu ya kibao tena, na mimi mwenyewe nikawa na kiti. Sitaki mtu aninukuu kwamba sheria kali hazifai kitu. Zile zilifaa, na huenda ziliniokoa maisha.

Sasa nije kwenye mkanda.

Kila tulipokaribia kizuizi cha polisi nilipiga bati na kupaza sauti: "Mikanda jamani, mikanda!" Ungewaona abiria. Kila mmoja aliivuta ncha ya mkanda, akaipitisha mapajani, akaishikilia hivyo hivyo kwa mkono bila kuiingiza kwenye kifungo chake. Afisa alichungulia dirishani, akaona mistari myeusi mapajani mwa watu 14, akatupungia tupite. Tukishayapita mapipa ya kizuizi tu, mikanda yote iliachwa kwa mpigo mmoja, vyuma vikagonga viti. Sauti ile naisikia hata leo. Safari nne kwa siku, vizuizi viwili au vitatu kila safari, na mimi ndiye niliyekuwa msimamizi wa mchezo huo.

Ijumaa moja, mwaka 2005, tulimpakia mzee aliyekuwa akienda kuswali Kilifi. Kanzu yake ilikuwa imepigwa pasi hadi inang'aa. Nilipopaza sauti, yeye peke yake aliufunga mkanda barabara, ukalia "ta!" Tulipopita kizuizi akaufungua, akajitazama. Ubavuni mwa kanzu palikuwa na mchirizi wa mafuta na vumbi, mpana kama vidole vitatu. Mkanda ule haukuwa umefuliwa tangu siku ulipofungwa garini. Hakugomba. Aliniita karibu.

"Mwanangu, huu mkanda ni wa nini?"

Nikamjibu, "Wa polisi, mzee. Ukishapita kizuizi waweza kuuacha."

"Gari likianguka, polisi ndiye atakayegonga kichwa?"

Alikuwa ananitazama usoni akingoja jibu, kama mwalimu amngojavyo mtoto. Sikuwa na jibu. Kwa mwaka mzima na zaidi nilikuwa nimelitaja neno "mikanda" mara maelfu, na hakuna aliyewahi kuniambia mkanda unafanya kazi gani, wala mimi sikuuliza. Nilichoambiwa ni kwamba ukikamatwa, unafikishwa kortini. Ndicho nilichowapa abiria.

Jioni ile nilimuuliza dereva wangu, mtu mzima aliyewahi kuendesha malori. Akanieleza kwa maneno machache: "Gari likigonga kitu linasimama. Wewe uliye ndani hujasimama. Unaendelea na ule mwendo wa 80 mpaka ukutane na kitu chako: kiti cha mbele, kioo, au kichwa cha mwenzio. Mkanda ndio unaokusimamisha pamoja na gari." Sikulala vizuri. Niliwawazia wale wanawake wanaopakata watoto kiti cha mbele.

Jumapili nikaifua mikanda. Haitoki, imekazwa kwa boliti, kwa hiyo niliisugua palepale kwenye viti kwa sabuni ya kipande na brashi ya viatu, mmoja mmoja, na maji niliyabadilisha mara tatu. Miwili vifungo vyake vilikuwa vimekufa kabisa, nikamwambia mwenye gari, akanung'unika akanunua. Tangu siku hiyo watu walipoketi, kabla gari halijang'oka, nilisema, "Mama, mzee, mkanda ni safi, nimeufua mwenyewe. Ni wa kukushika wewe tukigonga." Nikanyamaza. Sio wote waliofunga. Lakini wengi walianza kufunga pale pale steji, hakuna polisi karibu, na kina mama wakaanza kuniuliza mtoto afungwe vipi. Tulipofika kizuizini sikuwa na haja ya kupiga bati.

Basi jibu langu kwa swali lenu liko katika beseni lile la maji machafu. Sheria ilileta mkanda garini, na kwa hilo naishukuru. Haikuweza kuleta sababu yake kichwani mwa mtu, wala kumfanya makanga aione kanzu ya mzee. Vitu hivyo viwili, kufikiri na kumjali mwenzio, nilikuwa nikidhani ni vitu mbalimbali. Siku hizi naviona kimoja. Nilianza kuwajali abiria wangu nilipoanza kujiuliza mkanda ni wa nini, na nisingejiuliza kama mtu mmoja hangeniuliza kwa upole.

Mnajua yaliyofuata. Miaka ikapita, jicho la serikali likageukia mambo mengine, mikanda ikakatwa au ikafungwa mafundo nyuma ya viti, kibao kikarudi. Novemba 2018 ikabidi msako uanze upya nchi nzima, kanuni zilezile, na watu wakatembea tena kwa miguu kama mwaka 2004. Miaka 14! Kijana aliyekuwa darasa la kwanza sheria zilipoanza alikuwa sasa mtu mzima, naye alijua jambo lilelile nililolijua mimi: mkanda ni wa polisi. Na kitu kikishakuwa cha polisi, kina bei yake. Noti inakunjwa ndani ya leseni, gari linapita na watu wake 18. Mtu anayeijua sababu ya mkanda humwezi kumuuzia ruhusa ya kutoufunga.

Kuna jambo lilifanyika hapa kwetu ambalo watu hawalisemi vya kutosha. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Georgetown, Marekani, walibandika stika ndani ya matatu za Kenya, kwanza mwaka 2008 na baadaye kwa mapana zaidi, katika magari zaidi ya 10,000. Kampeni hiyo ya pili iliitwa Zusha. Stika hazikumtishia dereva kwa faini. Zilizungumza na abiria: dereva akiendesha ovyo, usikae kimya, sema. Madereva waliozitunza stika zao waliingizwa katika bahati nasibu, basi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha kwamba magari yenye stika yalikuwa na madai ya bima ya ajali pungufu kwa kati ya robo na theluthi, yakilinganishwa na yasiyokuwa nazo. Karatasi ya kubandika! Naamini iliyafanya hayo kwa sababu ilimwambia abiria kwamba ana akili na ana haki ya kuitumia akiwa kitini. Mimi nikiwa makanga abiria wa namna hiyo nilimwita mkorofi.

Najua kuna watakaonijibu kwa Singapore. Kila mazungumzo ya namna hii huishia Singapore: chingamu imepigwa marufuku tangu 1992, ukitupa taka unalipa, mji unang'aa. Ni kweli, isipokuwa tangu 2004 chingamu za matibabu zinaruhusiwa. Lakini hao hao wenye faini ndio walioanzisha kampeni ya kitaifa ya kuhimiza adabu mwaka 1979, akiwapo Lee Kuan Yew mwenyewe, waziri mkuu wao wa wakati ule, ili watu wafanyiane upole. Na mwaka 1997 waziri mkuu wao, Goh Chok Tong, alitangaza mpango wa kuzigeuza shule zifundishe watoto kufikiri, kwa kuwa waliona kukariri na kutii hakutawafikisha mbali. Nitasema na linalonipinga: kwa miaka waliwabembeleza watu warudishe trei zao baada ya kula kwenye vituo vya vyakula, wengi hawakurudisha, na mwaka 2021 ikabidi waweke adhabu. Kubembeleza peke yake kuna mahali kunagota. Hilo nalikubali.

Tena kuna mahali ambapo sitaki kubembeleza kabisa. Mwaka 2014, kwenye steji ya matatu mjini Nairobi, wanaume walimvua nguo mwanamke mchana kweupe wakidai hakuvaa kwa heshima, na video ikasambaa. Novemba 17 wanawake waliandamana katikati ya jiji. Kabla mwaka haujaisha Bunge likatunga sheria: anayemvua mtu nguo hadharani kwa nguvu, kifungo kisichopungua miaka 10. Naiunga mkono sheria hiyo kwa moyo wote. Lakini tazameni walichokuwa wakidai wale wanaume. Walidai wanalinda adabu! Walikuwa na kanuni kali ya mavazi, kali kuliko ya waziri yeyote, na hakuna hata mmoja kati yao aliyejiuliza kama kumvua mtu nguo ni heshima. Nilifanya kazi na vijana wa namna hiyo. Hawakukosa kanuni. Walizikariri kanuni hizo steji, kwa sauti ya juu, na hakuna aliyethubutu kuuliza.

Likoni pia, kwenye kivuko cha feri cha Mombasa. Machi 27, 2020, siku ya kwanza ya kafyu ya korona, hata saa moja jioni haijafika, polisi waliwapiga virungu na kuwarushia gesi ya machozi watu waliokuwa wakingoja feri warudi makwao. Amri ilikuwa ya kuzuia maambukizi, na tulikuwa tukiambiwa tusisongamane wala tusishike nyuso zetu. Watu wakasongamana kukimbia virungu, wakafuta machozi kwa mikono. Sina la kuongeza hapo.

Mhariri ataniuliza, basi tufanye nini? Mimi si mwanasheria. Ningependa kila kanuni ya mahali pa umma ibandikwe pamoja na sababu yake, kwa maneno ya mtu wa kawaida: mkanda, kimya hospitalini, foleni ya benki, yote. Ningependa vijana wetu wa matatu wafunzwe kwa siku hata mbili kabla ya kupewa sare, na wafunzwe na mtu kama dereva wangu yule. Na ningependa abiria waseme, ingawa najua kusema kuna gharama.

Mwezi uliopita nilipanda gari Kilifi kurudi Mtwapa. Dereva alikuwa na simu mkononi, akaanza kulipita lori penye kona. Nikamwambia, "Kaka, tafadhali weka simu, tuna watoto humu." Akanitazama kwenye kioo. "Mzee, ukiogopa, shuka." Nikangoja mwingine aseme neno. Hakuna aliyesema. Kijana wa mlangoni akatazama nje. Nikasema, "Basi simamisha." Wakanishusha Kikambala, saa saba mchana, hakuna hata mti pale.

Gari halijaondoka, mama mmoja wa makamo akashuka nyuma yangu na kikapu chake. Alikuwa amelipa nauli hadi Mombasa, na hakudai chenji. Hatukuwa tunajuana. Alilitazama gari hadi likatokomea, kisha akafungua mwavuli wake, akausogeza upande wangu, tukasimama kungoja gari jingine.