Re: Pumu ni ya wangapi nchini, au ni sisi wa Moshi tu?

Mkuu, unasema baridi ya Kibosho, huku Moshi, ndiyo inayoleta pumu; usiisingizie. Baridi huamsha tu kifua cha mwenye pumu tayari. Kuhusu idadi, tazama kwanza watu waliulizwa nini. Ukiuliza "daktari amewahi kukuambia una pumu?" utapata wachache, maana wengi wetu huishia dawa ya kikohozi duka la dawa. Uliza nani kifua kimemlia filimbi miezi 12 iliyopita, idadi inapanda, ingawa hapo hata wasio na pumu huingia. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikadiria wagonjwa milioni 262 duniani mwaka 2019 na vifo 455,000, vingi kwenye nchi za kipato kama chetu, ambako pampu za kuvuta dawa hazipatikani kirahisi.